Neno SET: herufi 3 zinazotuangusha kwenye mafumbo ya Kiingereza kuliko msamiati wote mgumu

MtegaFumbo (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam. Humu tuko wengi tunaocheza michezo ya maneno kama Wordle, Connections, Scrabble na yale mafumbo ya miraba (crossword) ya magazetini, na kila mara namsoma mtu akisema anashindwa kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo. Mimi sikubaliani. Neno gumu usilolijua unalifungulia kamusi na shida inaisha. Linalokuangusha ni neno ulilolijua tangu shule ya msingi, ambalo hukuwahi kufikiri kwamba unahitaji kulitafuta. Leo nataka tuliongelee moja tu, SET.

Hesabu nami. Jua likizama, Mwingereza anatumia SET. Saruji ikikauka, jeli ikiganda, mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake, meza ikiandaliwa, mtego ukitegwa, saa ikirekebishwa, kito kikipachikwa kwenye pete, mtihani ukitungwa: kote ni SET. Hapo ni kitenzi tu. Likiwa nomino ni sehemu ya mechi ya tenisi, ni vyombo vya chai vinavyouzwa pamoja, ni mandhari iliyojengwa ili filamu ipigwe hapo, ni redio au televisheni, ni watu wa tabaka moja wanaoalikana wao kwa wao, ni mkusanyiko katika hisabati ya Georg Cantor. Ni hata shimo la badger, mnyama wa Ulaya wa ukoo mmoja na nyegere wetu, ingawa hilo huandikwa zaidi kwa T mbili. Likiwa kivumishi ni jambo lililokwisha kupangwa lisilobadilika, au mtu aliye tayari kuanza.

Kamusi kuu ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilikipa kitenzi hiki maana zipatazo 430, na maelezo yake peke yake yalifika maneno 60,000 hivi. Miaka ya baadaye wahariri walipopitia upya herufi R, RUN ikaipita: kitenzi hicho sasa kina maana 645. Kwa hiyo kila mtu anarudia kwamba RUN ndiye bingwa.

Kwenye kamusi, sawa. Kwenye mafumbo, hapana, na sababu ni ndogo mno hivi kwamba watu wanaipita. RUN ikienda wakati uliopita inakuwa RAN, na RAN haiwezi kuwa nomino wala kivumishi, imeshajitaja. SET wakati uliopo ni SET, uliopita ni SET, iliyokwisha kutendeka ni SET. Haikuachii alama yoyote. Mtunzi wa fumbo anaweza kukuandikia kidokezo cha neno moja tu, "Put", na usijue kama anaongelea jana au leo, kwa sababu PUT nayo ina tabia hiyo hiyo. Jibu ni SET kwa vyovyote.

Ndiyo maana nasema ukikutana nalo usianze kujiuliza lina maana gani. Jiulize kwanza hapa linafanya kazi gani: ni jina la kitu, ni tendo, au ni sifa? Ukishaamua hilo, maana mia nne zinabaki chache za kuchagua.

---

Lulu_wa_Wordle #2

Asante mkuu, uzi mtamu. Mimi nimeishia Wordle, ambako maana haihusiki sana, unapanga herufi tu. Nimewahi kufungua lile fumbo la gazeti la Uingereza nikafunga. Kidokezo ni sentensi kamili, naielewa kila neno, halafu jibu halina uhusiano wowote na sentensi. Ile inachezwaje?

---

Teacher_Naks #3

Naomba niingie kutoka Nakuru. Nafundisha Kiingereza sekondari na neno hili limejaa mdomoni mwetu bila sisi kuhisi. Wanafunzi wana "set book", yaani kitabu teule. Walimu tunakaa kuseti mtihani. Mama akienda saluni anaosha na kuseti nywele. Fundi akipanda juu ya paa anaseti dishi. Dukani unauziwa seti ya sufuria au seti ya makochi. Kila fani iliokota maana yake moja kutoka kwa Mwingereza na kuiacha nyingine. Fundi dishi hajui ya saluni na mwenye saluni hana haja na ya fundi dishi.

Nikimpa mwanafunzi sentensi kwamba jeli imefanya SET, anaandika "jeli imewekwa". Simlaumu. Kajifunza kwamba SET ni kuweka, na sisi walimu hatukumwonyesha kwingine. Uzi huu nitautumia darasani kwa idhini yako MtegaFumbo.

---

MtegaFumbo #4

Mwalimu, tumia bila hata kuomba. Mfano wa "jeli imewekwa" nimeupenda, maana unaonyesha jinsi tunavyoshika maana ya kwanza na kugandana nayo.

Lulu, nikueleze kwa kirefu kidogo. Fumbo la miraba la kwanza lilichapwa 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World. Mtunzi wake, Arthur Wynne, alikuwa mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, na umbo lake lilikuwa la almasi. Vidokezo vilikuwa vya moja kwa moja: unapewa maana, unatoa neno. Wamarekani wamebaki karibu na utaratibu huo hadi leo. Waingereza waliupinda. Mwaka 1926 mtu mmoja aliyejiita Torquemada, jina lake halisi Edward Powys Mathers, alianza kuchapisha kwenye The Observer mafumbo ambayo kila kidokezo ni mtego. The Times nalo likaanza fumbo lake 1930.

Kidokezo cha aina hiyo kina vipande viwili vilivyounganishwa ili visomeke kama sentensi ya kawaida. Kipande kimoja ni maana ya jibu, na lazima kiwe mwanzoni au mwishoni. Kipande kingine ni maelekezo ya kulijenga neno hilo herufi kwa herufi. Nimetunga huu hapa:

"Valuable thing, like radio", herufi 5.

Ukiisoma kama mtu wa kawaida unaona mtu anaisifia redio. Sasa ikate. "Valuable thing" ndiyo maana ya jibu, kitu chenye thamani. "Like" ni AS. "Radio" ni SET. Unganisha: ASSET. Redio haikuwa na lolote la kufanya na jibu, ilikuja pale kuazima herufi zake tatu.

Mwingine: "Group taken in by mechanical learning gets ribbon", herufi 7. "Group" ni SET. "Mechanical learning", kukariri bila kuelewa, ni ROTE. SET imeingizwa ndani ya ROTE, ndiyo kazi ya maneno "taken in by". Unapata RO-SET-TE, ROSETTE, lile ua la utepe wanalobandikwa washindi.

Kuna sheria moja ya watunzi ambayo naiheshimu sana. Aliyeiweka ni A. F. Ritchie, aliyetumia jina la Afrit, mwaka 1949: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, lakini lazima aseme anachomaanisha. Anaruhusiwa kukupoteza njia. Haruhusiwi kukudanganya. Ukimaliza kufumbua na kurudi kwenye kidokezo, kila neno lazima liwe lilikuwa na kazi yake halali. Ndiyo maana napenda mchezo huu kuliko mingine yote.

---

Mpwani_Asilia #5

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi wa Tanga hapa. Nasoma nikiwaza, hivi sisi kwetu hatuna neno la namna hiyo? Piga je? Piga simu, piga pasi, piga deki, piga picha, piga kura, piga magoti, piga chafya, piga mswaki. Mgeni anayejifunza Kiswahili anachanganyikiwa kabisa. Na kaa? Kaa hapa ule kaa aliyechomwa kwa kaa la moto. Na paa: paa wa mwituni, paa la nyumba, ndege kupaa, kupaa samaki magamba. Naona tunawazidi.

---

Bantu_Mizizi #6

Mpwani, marahaba. Umegusa jambo zuri ila naomba tulitenganishe.

KAA na SET hazikufika pale kwa njia moja. Kaa zetu tatu ni maneno matatu tofauti yaliyogongana kwa sababu Kiswahili kiliangusha sauti ya L katikati. Jirani zetu wengine hawakuiangusha: Mgiriama bado anasema kala kwa kukaa, na kwa Lingala mkaa ni makala. Kwa hiyo hilo si neno moja lenye maana nyingi, ni ajali ya sauti.

SET ina yote mawili. Kitenzi kinatoka Kiingereza cha kale, settan, ambacho ni kufanya kitu kikae. SIT na SET ni kama keti na ketisha. Ukishika hilo, maana nyingi zinajipanga zenyewe: kukalisha mfupa mahali pake, kukalisha kito kwenye pete, kukalisha saa kwenye wakati, saruji kukaa ikatulia, jua kwenda kukaa. Lakini SET ya kundi la watu ilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini secta, wafuasi. Ni mgeni aliyeingia nyumba ya mwenye jina kama lake, na baadaye watu wakaacha kuwatofautisha.

Kuhusu kujificha kwenye mafumbo, Kiswahili kinabanwa na ngeli. Paa huyu, paa hili, anapaa: kiambishi ni kama sare ya shule, ukimwona mtoto njiani unajua anasoma wapi kabla hajafungua mdomo. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na sare zake, wakati uliopita wa settan ulikuwa sette, na kulikuwa na miisho mingine mingi. Karne zilivyopita miisho ikadondoka. Ndipo kitenzi, nomino na kivumishi vikabaki na sura moja, na mtunzi wa fumbo akapata pa kujificha.

---

Mpwani_Asilia #7

Hapo kwa ngeli nimekubali. Hata piga sasa naona haijifichi, maana daima inatembea na mwenzake. Ukisikia pasi unajua.

---

Kigamboni_Ferry #8

Kwangu mimi SET si bingwa. Bingwa ni ROUND. Ni nomino, ni kitenzi, ni kivumishi, ni kielezi, ni kihusishi. Aina tano za maneno! Raundi ya ndondi, raundi ya vinywaji baa, risasi moja ni round, daktari akipitia wodi ni round. Na kwenye mafumbo ya Waingereza inaweza kuwa herufi O kwa sababu ya umbo, au ikawa amri kwamba neno moja lizunguke jingine. SET inaweza hayo?

---

MtegaFumbo #9

Kigamboni, ROUND ni mpinzani wa kweli na kwa aina za maneno inashinda wazi. Ile ya kuwa herufi O nayo ni mali kubwa kwa mtunzi.

Ninachokipima mimi ni umbali kati ya maana na maana. Karibu kila ROUND inanusa mduara: raundi ya baa inazunguka mezani, daktari anazunguka wodi, ndondi inarudi ilipoanza. Ukishika mduara una nafasi ya kukisia. Jaribu kufanya hivyo na SET. Jeli iliyoganda, jukwaa la filamu, kundi la matajiri na mwanariadha aliyeinua kiuno akisubiri mlio wa bastola, nipe picha moja inayowakusanya. Bantu_Mizizi katupa mzizi wa kukalisha na unasaidia kwa vitenzi, lakini mtu anayefumbua saa moja asubuhi akiwa na chai mkononi hana muda wa kurudi Kiingereza cha kale. Tena kitenzi ROUND wakati uliopita kinavaa ED na kujianika.

Kuna na suala la ufundi mtupu. S, E na T ni katika herufi zinazotumika zaidi kwa Kiingereza. Mtunzi anayepanga miraba akibakiwa na pembe yenye nafasi tatu, SET inamwokoa. Halafu wiki ijayo inamwokoa tena, na lazima atafute kidokezo kipya ili wasomaji wasichoke. Wingi wa maana ndio unaomwezesha kulirudisha neno lile lile bila kujirudia.

---

Kigamboni_Ferry #10

Umenipa cha kufikiri. Basi nami nawaletea kazi. Nimetunga fumbo la mtindo wa Connections, ule mchezo wa New York Times ulioanza Juni 2023. Kwa wasioujua: maneno 16, uyagawe makundi manne ya maneno manne manne yenye uhusiano, ukikosea mara nne umetoka. Mhariri wake ni Wyna Liu. Waingereza walikuwa na kitu cha namna hiyo kwenye kipindi cha BBC kiitwacho Only Connect tangu 2008. Haya hapa:

GAME, CLOT, RISE, MATCH
FLINT, SET, LOVE, SCREEN
DAY, POINT, GEL, TORCH
LIGHTER, ACE, FLOWER, CURDLE

---

Lulu_wa_Wordle #11

Naanza na rahisi. Tenisi: GAME, SET, MATCH, POINT.

---

Kigamboni_Ferry #12

Hapana dada. Na hilo ndilo nililolitegea.

---

Teacher_Naks #13

Lulu, usilikimbilie kundi la kwanza unaloliona, lihesabu kwanza. Maneno ya tenisi hapo ni sita: GAME, SET, MATCH, POINT, LOVE, ACE. Mawili lazima yatoke, na ndiyo yenye kazi kwingine.

Nenda upande usio na ziada. Vya kuwashia moto: FLINT, TORCH, LIGHTER, vipo vitatu tu, vinadai cha nne. MATCH, kiberiti, inahamia huko. Vinavyoganda: CLOT damu, CURDLE maziwa, GEL, navyo vitatu. SET inaitwa huko. Tenisi zinabaki GAME, POINT, LOVE, ACE. Zilizosalia ni RISE, SCREEN, DAY, FLOWER, tanguliza SUN kwa kila moja.

Kigamboni, ulivyoiweka SET ni hatari sana, kwa sababu SUNSET nayo ni neno. Ilikuwa na milango mitatu, tenisi, kuganda na jua, na mmoja tu ndio uliofunguka.

---

Kigamboni_Ferry #14

Yote sahihi mwalimu. Ile ya SUNSET niliiweka kwa makusudi.

---

Tile_Bag #15

Niongee kwa niaba ya Scrabble, maana kule hadithi inageuka juu chini. SET kwenye Scrabble ya Kiingereza ni pointi 3, moja kwa kila herufi, na hakuna anayekuuliza ina maana gani. Thamani yake ni kwamba inapokea herufi nyuma: SETA, SETS, SETT. Basi.

Ushahidi mkubwa ni Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kukizungumza Kifaransa. Aliikariri orodha ya maneno. Mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania. Na kwa Waafrika mwaka ule wa 2015 una fahari nyingine, Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa hiyo mimi nasema wingi wa maana ni mzigo. Neno zuri ni lile lenye herufi nzuri.

---

Bantu_Mizizi #16

Tile_Bag, kwa mchezo wako ni kweli kabisa. Ila mtu akikariri orodha ya Kifaransa yote hawezi kufumbua hata kidokezo kimoja cha Torquemada. Ni michezo miwili inayotumia herufi zile zile, mmoja unashughulika na umbo la neno, mwingine unashughulika na matumizi yake.

---

Jua_Kali_Dom #17

Niseme kinachonikera. Mafumbo haya ya kificho ni ya kuwabagua wasiozaliwa na lugha. Wanajua mnyama gani ana shimo linaloitwa SET, mimi wa Dodoma nitajulia wapi? Naona ni bora mtu acheze vya kwao.

---

MtegaFumbo #18

Jua_Kali, sehemu ya malalamiko yako ni ya haki. Kuna vidokezo vinavyodai uwe umekulia kule: majina ya vijiji, wachezaji wa kriketi wa zamani, vipindi vya televisheni. Hivyo naviruka tu.

Lakini kwa maneno ya kila siku naona sisi tuna nafuu ambayo hatuitumii. Aliyezaliwa na lugha akiona FLOWER anaona ua papo hapo, hana hiari. Wewe uliyejifunza kwa kuchambua, FLOW na ER, unaweza kuona "kinachotiririka", na kwenye mafumbo ya Waingereza FLOWER mara nyingi ni mto. NUMBER wao wanaona namba, wewe unaweza kuona NUMB na ER, kinachotia ganzi, na jibu likawa ETHER. Sisi tunajua kwa mazoea kwamba mwimbaji ni anayeimba na mkulima ni anayelima, kuunda jina kutoka kwenye tendo ni kazi tunayoifanya kila siku. Jaribu hiki, hakina kijiji wala kriketi:

"Evening sun, or dog", herufi 6.

---

Jua_Kali_Dom #19

Jua la jioni linazama. Kuzama ni SET. Kinachozama basi ni SETTER. Na kuna mbwa wa kuwindia anaitwa setter, nimewahi kumwona kwenye kalenda. SETTER?

---

MtegaFumbo #20

Ndiyo. Maana mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu na jibu moja limezitosha zote, na umelipata kwa kuchambua.

Nikuongezee moja utakalolitumia ukifungua gazeti lao. Mtunzi wa fumbo kwa Kiingereza naye anaitwa setter, kwa hiyo akiandika "setter" ndani ya kidokezo mara nyingi anajisema yeye mwenyewe. Jaribu kwanza kuweka I au ME mahali hapo kabla hujamfikiria mbwa.